Pua ya mbwa ikipasuka katikati, anasikia harufu mara mbili?

Ukienda kununua mbwa Nairobi utaambiwa mambo. Huyu masikio yake ni marefu kwa hivyo anafuata mtu aliyepita jana, huyu ako na makunyanzi usoni yanashika harufu, huyu kucha zake ni nyingi kwa hivyo ni wa kazi, na siku hizi kuna hii mpya ya mbwa wa pua mbili, picha inatoka simu moja inaingia ingine, mbwa pua imepasuka katikati kabisa kutoka juu mpaka kwa mdomo na chini yake mtu ameandika ati kwa sababu ako na pua mbili anasikia harufu mara mbili ya mbwa wa kawaida. Watu wanaforwadi tu. Kuna wenye washaanza kuuliza bei.

Mbwa mwenyewe si wa kutengenezwa na kompyuta, yuko. Anaitwa Çatalburun, kwao ni kusini mwa Uturuki pande za Tarsus na Mersin, na kazi yake ni kuwinda ndege, ile aina ya mbwa akishasikia harufu ya kware anasimama tuli amewaelekezea pua mpaka mwenye bunduki afike. Uhispania wako na wao, Pachón Navarro, wa zamani sana huyo. Halafu kuna stori ya Bolivia ambayo mimi naipenda kuliko zote. Percy Fawcett, yule mpelelezi Mwingereza aliyepotelea msitu wa Amazon mwaka 1925 na mpaka leo hajapatikana, mwaka 1913 alisema ameona mbwa wa pua mbili huko Bolivia, watu wakamcheka wakamwona ni wale wazee wa chumvi nyingi. Imekuja mpaka 2005 ndio Mwingereza mwingine, John Blashford-Snell, akaenda huko huko akakutana na mmoja, jike anaitwa Bella. Kwa hivyo Fawcett hakuwa anadanganya, angalau kwa hilo.

Sasa swali ni kama hiyo pua inafanya kazi zaidi. Hakuna mtu amewahi kuonyesha kwamba inafanya, na ukishajua venye pua ya mbwa imejengwa huko ndani utaona hata hakuna sababu ya kufanya.

Hiyo sehemu nyeusi yenye unyevu tunayoita pua ni mlango tu. Kazi ya kusikia harufu inafanyika mbali, huko nyuma karibu na macho. Uso wa mtoto akiwa bado tumboni, awe mbwa awe binadamu, unaanza ukiwa pande mbili, zinasogea, zinakutana katikati zinashikana, na zisiposhikana vizuri hapo mbele panabaki mfereji. Basi. Kilichopasuka kwa Çatalburun ni ngozi na gegedu ya mlangoni, vyumba vya ndani ni vile vile vya mbwa yeyote. Na wakati mwingine mbwa anazaliwa kaakaa ndio haijaungana, hiyo sasa si urembo, mtoto akinyonya maziwa yanatokea puani, mengine yanaingia kwenye mapafu, na wengi hawafiki mbali. Mtu akikuuzia pua iliyopasuka ndio sifa, angalau mfungue mdomo umwangalie juu kwa taa ya simu.

Tena kila mbwa tayari ako na pua mbili ukitaka kuhesabu hivyo. Tundu la kulia na la kushoto zimetenganishwa na ukuta unaoenda ndani kabisa, na watafiti wa Penn State huko Marekani, kina Brent Craven na Gary Settles, walipochunguza hewa inavyoingia waliona mbwa akinusa kitu cha karibu kila tundu linavuta hewa ya upande wake peke yake, hazichanganyiki. Ubongo unapokea sampuli mbili, ya kushoto na ya kulia, unalinganisha, ndio unaona mbwa anakata kona ghafla bila kuinua kichwa. Mbwa koko wa Kayole anafanya hiyo bure, bila kupasuka.

Na angalia hao wa Uhispania. Pachón Navarro wengine pua imepasuka, wengine ni nzima, na ni mbwa wa aina moja. Wawindaji wa huko walikuwa wanaamini ya kupasuka inasikia zaidi, lakini wenye pua nzima bado wako na bado wanawinda, na wawindaji ni watu wa matokeo, mbwa asipoleta ndege hakai nyumbani miaka mia.

Kitu cha kushangaza zaidi kiko pale pale mlangoni na hakuna mtu anakipiga picha. Mwangalie mbwa wako kwa karibu, pua yake haina matundu ya duara pekee, kando ya kila tundu kuna ufa mdogo umejikunja kwenda nyuma. Akivuta, hewa inaingia mbele. Akitoa, inapitia kwa hizo nyufa za kando na kurushwa nyuma na pembeni. Ukitaka kuona hii kitu na macho yako mpeleke mahali pa vumbi kavu, barabara ya mitaa yetu mingi haitakuangusha kwa hilo, tupa kipande cha nyama kidogo halafu uchuchumae uangalie pua ikifika chini: vumbi linaruka kulia na kushoto, pale mbele ya pua panabaki pametulia. Maana yake hapulizi ile harufu anayoitafuta, na huo upepo wa kando unasaidia kuvuta hewa mpya ije mbele. Anafanya hivyo kama mara tano kwa sekunde. Sisi binadamu tunavutia na kutolea pale pale, kwa hivyo tunajipulizia ushahidi.

Ikishaingia ndani hewa inagawanyika. Nyingi inaenda kwa mapafu, kawaida, lakini sehemu ndogo, hao watu wa Penn State waliihesabu kuwa karibu asilimia 12, inachukua njia yake ya juu mpaka chumba cha nyuma ambacho kazi yake ni harufu tu. Hicho chumba kimejaa mifupa myembamba iliyojikunja ndani kwa ndani, ukiikata ukatazama inafanana na donge la chapati likishapakwa mafuta na kuviringwa kabla halijasukumwa, na sababu ni ile ile, tabaka nyingi kwa nafasi ndogo. Juu ya hizo tabaka kuna ute, na ndani ya ute kuna seli za harufu. Hesabu zinazotajwa sana ni karibu milioni 5 kwa binadamu na zaidi ya milioni 200 kwa mbwa wengi. Jeni za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi, sisi tuko na karibu 400, mbwa karibu mara mbili ya hizo. Hakuna hata moja ya hizi unaweza kuiona ukiwa umesimama kando ya barabara unaonyeshwa mtoto wa mbwa ndani ya katoni.

Hapo ndipo shida yote iko, kwa maoni yangu. Mfugaji anachagua kile anachokiona, masikio, makunyanzi, miguu, rangi, halafu baadaye ndio anatafuta sababu ya kuelezea kwa nini hicho kitu ni muhimu.

Chukua Bloodhound. Huyu ndiye mfalme wa kufuata nyayo, asili yake inarudishwa kwa watawa wa Saint-Hubert huko Ubelgiji, na hapa kwetu wametumika hifadhi za wanyama za Ol Pejeta na Lewa kufuata majangili. Masikio yanafika chini, ngozi ya uso inaning'inia, na kila mahali utasoma kwamba masikio yanafagia harufu kutoka ardhini kuileta puani na makunyanzi yanaishika isipotee. Inasikika vizuri sana. Lakini hakuna mtu ameithibitisha, na German Shepherd mwenye masikio yamesimama wima anafuata nyayo tu vizuri, Malinois pia, na hao ndio wengi unawaona wakinusa magari kwenye mageti ya maduka makubwa hapa mjini, kitu ambacho kimekuwa cha kawaida tangu lile shambulizi la Westgate mwaka 2013. Kile tunajua kwa uhakika kuhusu masikio marefu ni kwamba hayapati hewa, yanashika maji na uchafu na kuoza ndani, na ngozi ikivuta kope chini macho yanabaki mekundu kila siku. Bili ya daktari hiyo.

Utafiti ulionifanya nibadilishe venye nafikiria hizi aina ni wa 2021, wa Deborah Bird na wenzake wa UCLA. Kati ya pua na ubongo kuna mfupa wenye matundu madogo madogo mengi, neva za harufu zinapita hapo, kwa hivyo ukipima huo mfupa unapata picha ya waya ngapi zinaenda kwa ubongo. Wakapima kwa mafuvu ya mbwa wa aina nyingi, wakapima kwa mbwa mwitu wa kule kaskazini, wale wanaitwa wolf. Mbwa wa nyumbani wote wako chini ya mbwa mwitu kwa hicho kipimo, sawa, hiyo mtu angetegemea. Lakini wale tunaowaita mbwa wa harufu, kina Bloodhound na wenzake, hawakuwa wamewapita mbwa wengine. Miaka mia na mia ya kufugwa ati kwa sababu ya pua, na huo mfupa hauonyeshi kitu.

Sasa usiseme basi mbwa wote ni sawa, hapana. Bloodhound ni mzuri, lakini uzuri wake mwingi uko kwa kichwa. Ukimpa harufu moja anashikilia hiyo hiyo moja, apite ng'ombe, apite paka, apite mtu anachoma mahindi, yeye na harufu yake. Huo ni ukaidi, na ukaidi unarithiwa kama masikio yanavyorithiwa, ndio umefugwa humo ndani pamoja na masikio na watu wakaipa sifa ile inayoonekana.

Wale wa pua fupi ndio wanachanganya watu zaidi. Pug, Bulldog, na hawa wadogo wadogo ambao wamejaa Nairobi sasa. Ukifupisha uso wa mbwa, zile tabaka za ndani hazina pa kukaa, zinabanana, na watafiti wa Sydney mwaka 2010 walionyesha kwamba hata ubongo umezunguka ndani ya fuvu na ile sehemu ya mbele inayopokea harufu imesukumwa chini. Kwa hivyo ungetegemea Pug asiwe na pua kabisa. Na kweli 2016 watafiti wa Hungaria walificha nyama mbichi ya bata mzinga ndani ya vyungu, wakaleta mbwa ambao hawajafunzwa chochote, na wale wa pua fupi wakashindwa na mbwa wa harufu pamoja na mbwa mwitu. Kesi imeisha, si ndio?

Haijaisha, kwa sababu mwaka mmoja kabla, 2015, Nathaniel Hall na wenzake huko Florida walikuwa wamefanya mtihani wa aina ingine, wa kumfunza mbwa atofautishe harufu mbili na akipatia anapewa chakula, na Pug akamshinda German Shepherd. Ndio, Pug. Greyhound wengi hata hawakufanya mtihani, hawakujisumbua. Mimi nikisoma hizo mbili pamoja sioni zikigombana. Ya Hungaria inauliza pua inaweza nini ikiachwa peke yake. Ya Florida inauliza mbwa yuko tayari kurudia kazi ile ile mara ngapi kwa sababu ya kipande cha chakula, na ukiwahi kukaa karibu na Pug mtu akila chipsi unajua jibu.

Hamu ya chakula ni kitu kikubwa sana kwa hii kazi kuliko watu wanavyodhani. Labrador, ambaye yuko kila mahali kwa kazi za kunusa, karibu robo yao wako na hitilafu kwa jeni inaitwa POMC inayowafanya wasikie njaa kila saa, watu wa Cambridge waliieleza 2016, na waliipata zaidi kwa wale Labrador wa kusaidia walemavu, yaani mbwa waliochaguliwa kwa sababu wanafunzika kirahisi. Beagle naye aliingia kwa eapoti za Marekani mwaka 1984 kunusa matunda na nyama kwenye mizigo, na sababu kubwa ya kumchagua ni kwamba ni mdogo, anapenda kula na abiria hawamwogopi. Fikiria German Shepherd anakuja kunusa shangazi yako na mfuko wake kule JKIA, ametoka safari ya saa kumi na nne, utasikia nduru mpaka Embakasi.

Na kama unadhani ni lazima iwe pua kubwa, hapo jirani Tanzania, Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Uso wote wa panya unaingia ndani ya kikombe.

Kuna kitu kingine kinaharibu pua bora kabisa na hakihusiani na aina: joto. Mbwa akihema mdomo wazi hawezi kunusa vizuri, anachagua moja, apoe ama anuse, na kupoa ndio kunashinda. Utafiti wa Israeli wa 2003 ulikimbiza mbwa wa mabomu kwanza halafu wakapewa kazi, na walikosa vitu vingi zaidi kuliko wakiwa wamepumzika. Ndio maana wenye kufuata majangili wanapenda kutoka asubuhi kabla jua halijashika, na ndio maana ukiona yule mbwa wa geti amepelekwa kivulini saa saba mchana usimlaumu askari ati amelaza kazi. Kwa mbwa wa pua fupi hii ni mbaya mara dufu maana anahema hata akitembea kwa ngazi.

Zile sifa zingine za ajabu ziko na hadithi zao na nyingi hazina uhusiano na harufu hata kidogo. Lundehund wa Norwei ako na vidole sita kila mguu na anaweza kufunga masikio yake, hiyo ilikuwa ya kupanda majabali ya baharini na kuingia mashimoni kutoa ndege. Ridgeback, ambaye damu yake inatoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, ule mstari wa manyoya yanayoelekea mbele mgongoni ulipatikana 2007 kuwa unatoka kwa kipande cha jeni kilichojirudia, na kipande hicho hicho kinaleta ugonjwa wa tundu linaloingia kutoka ngozi kuelekea uti wa mgongo, kwa hivyo unalipia mstari na unaweza kupewa tundu kama nyongeza. Miguu mifupi ya Basset na Dachshund, jeni moja tu iliyojinakili, 2009 ndio ikajulikana. Hapo wauzaji watakuambia miguu mifupi inaleta pua karibu na ardhi, lakini mbwa yeyote ako na shingo, anainama. Faida ya Basset ilikuwa kwamba ni mpole wa mwendo na mwindaji wa kutembea kwa miguu hamkosi.

Kwa hivyo ukitaka mbwa wa kunusa, kwa kazi ama kwa mchezo tu wa nyumbani, acha masikio. Angalia matundu ya pua kama yamefunguka vizuri ama yamebana mpaka ni mstari, sikiliza kama anakoroma akiwa macho, omba kuona mama yake akitembea. Halafu mjaribu. Chukua mikebe mitatu ya Blue Band, toboa vifuniko, weka omena kwa mmoja, zipange ukutani mbwa akiwa nje, na mwachilie bila kumwonyesha kitu. Mtoto wa mbwa wa kienyeji wa miezi mitatu akirudi kwa mkebe ule ule hata baada ya kuubadilisha nafasi, akakataa kuondoka, huyo ako na kile unatafuta, na pengine amekugharimu nauli ya kumchukua tu.

Lakini shika mikebe yote mitatu kwa mkono ule ule, na mkono ukigusa omena uguse mikebe yote, ama usiguse omena kabisa, tumia kijiko. La sivyo utadhani amepata samaki kumbe amefuata vidole vyako.